Kuomba kazi ya uhudumu wa ndege: mwongozo kamili, kuanzia futi ukutani hadi mkataba mkononi

Kabla hujafungua tovuti ya shirika lolote la ndege, azima futi ya fundi cherehani. Vua viatu, pima sentimita 212 ukutani kutoka sakafuni, weka alama kwa chaki. Sasa simama kwa ncha za vidole vya miguu, nyoosha mkono juu, uone kama vidole vinaifikia ile alama. Hicho ndicho kipimo kinachotumiwa na Emirates ya Dubai na Qatar Airways ya Doha, na hakihusiani na urembo hata kidogo. Kwenye makabati ya juu ya viti vya abiria ndiko kunakowekwa sehemu ya vifaa vya dharura. Moshi ukianza kufuka, mhudumu asiyefika huko hana msaada.

Nimeanza na futi kwa makusudi. Wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza na lipstiki, rangi ya ngozi na umbo. Mimi nilikaa mapokezi ya hoteli miaka mitatu, nikaanguka usaili wa kwanza, nikapita wa pili, na tangu hapo nimewasaidia wadogo zangu kadhaa kujiandaa. Nilichokiona ni kwamba wasaili wanatafuta mambo mawili tu: je, huyu mtu ataweza kuokoa watu, na je, anaishi vizuri na watu? Kila kitu wanachokufanyia siku hiyo, hata kile kinachoonekana cha mchezo, kinapima moja kati ya hayo.

Kwanza ijue kazi yenyewe

Wahudumu hawapandi ndege kwa ajili ya kugawa chai. Kanuni zinazofuatwa sehemu nyingi duniani zinadai angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Boeing 787-8 ya Air Tanzania yenye viti 262 haiwezi kuondoka na wahudumu chini ya sita, hata kama abiria wote wameshiba na wamelala. Na ndege kubwa hairuhusiwi kuingia sokoni mpaka watengenezaji waonyeshe kuwa abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Watakaowatoa ni nyinyi.

Ukijua hivyo, swali la "kwa nini unataka kazi hii?" halitakukuta ukisema unapenda kusafiri. Kila mtu anapenda kusafiri. Abiria pia.

Uombe wapi

Njia ni mbili, na nakushauri uziangalie zote.

Ya kwanza ni mashirika ya kwetu: Air Tanzania, Precision Air, Kenya Airways, Jambojet, RwandAir, Uganda Airlines. Ndege ni chache, hivyo nafasi hutoka kwa msimu, na tangazo linaweza kudumu wiki mbili tu. Air Tanzania ni shirika la umma, kwa hiyo fungua akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira mapema, vyeti vyote viwe vimeshapakiwa. Usingoje tangazo litoke ndipo uanze kutafuta mahali pa kuskani cheti cha kuzaliwa.

Ya pili ni mashirika ya nchi za Ghuba. Emirates na Qatar Airways huajiri watu wa mataifa yote, na mara kwa mara hufanya usaili katika miji ya Afrika Mashariki. Wote wanataka uwe umetimiza miaka 21, umemaliza sekondari, na Kiingereza chako kiwe kizuri cha kusema na kuandika. Emirates huongeza kimo cha angalau sentimita 160 na uzoefu wa mwaka mmoja wa kuhudumia wateja. Tatoo isionekane ukiwa ndani ya sare, na kuiziba kwa plasta au poda hawakubali. Wanaume wanaajiriwa vilevile. Nasema hivi kwa sababu nimewaona vijana wa kiume wenye sifa zote wakidhani hii ni kazi ya dada zao.

Malipo ya huko yana sehemu mbili: mshahara wa msingi, na malipo ya kila saa unayokuwa angani. Juu yake kuna nyumba, ambayo mara nyingi unashirikiana na mwenzako, na usafiri wa kwenda uwanjani. Mwezi ambao umeugua au uko likizo, saa zinapungua na pesa inapungua. Kama kuna ada ya mdogo wako inakutegemea nyumbani, pangia bajeti ule mshahara wa msingi peke yake.

Je, unahitaji chuo?

Hapa nitasema wazi, kwa sababu pesa za wazazi zinapotea. Mashirika ya Ghuba huwafundisha wahudumu wao wenyewe kwa wiki saba au nane: kuzima moto, kufungua milango na kuteleza kwenye zile slaidi za dharura, kuokoana majini, huduma ya kwanza, hata kumzalisha mama angani. Hakuna shirika litakalokuruhusu kuruka mafunzo hayo eti kwa sababu una cheti cha chuo. Diploma ya uhudumu wa ndege inaweza kukusaidia kwa mashirika ya nyumbani, na inampa ujasiri mtu asiyewahi kufanya kazi yoyote. Lakini kama una pesa ya kitu kimoja tu, itumie kwa Kiingereza. Ukipata ya pili, jifunze kuogelea. Na mwaka ambao ungekaa darasani, tafuta kazi ya mapokezi, ya mgahawa, ya benki kaunta, ya duka la simu, mahali popote ambapo wateja hukasirika mbele yako na wewe unatakiwa kubaki mtulivu. Mwaka huo ndio utakaoujaza usaili wako na majibu ya kweli.

Karatasi zako

Pasipoti iwepo kabla ya kuomba. Kwa Tanzania ile ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na unahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kenya unaanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Cheti cha tabia njema kutoka polisi utakihitaji baadaye, ila jua tayari unakipatia wapi.

Tatizo linalowakwamisha watu wetu kuliko yote ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Juma Salum, cheti cha kidato cha nne Mwanaid Juma, NIDA wamemwandika Mwanahidi J. Salum. Hapa nyumbani tunaelewana. Mtu anayeshughulikia viza huko mbali anaona watu watatu. Tandaza vyeti vyako vyote mezani leo, soma jina herufi kwa herufi, na kama yanatofautiana nenda kwa wakili ukapate hati ya kiapo au ubadilishe rasmi. Jambo hili huchukua wiki, wakati mwingine miezi, na ofa ya kazi haisubiri.

CV na picha

CV iwe ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, isiyo na mapambo. Usiweke hadithi ya maisha wala dini wala idadi ya watoto wa mama yako. Kwenye kila kazi uliyofanya, onyesha ulichofanyia watu, na weka namba pale unapokuwa nayo. "Nilikuwa mhudumu wa mgahawa" haisemi kitu. "Nilihudumia meza 12 kwa zamu moja, wageni wa lugha tofauti, na nilikabidhiwa kuwafundisha wahudumu wapya wawili" inasema kila kitu. Kama umesaidia dukani kwa shangazi, andika. Kama uliongoza kwaya au timu ya netiboli, andika pia.

Kwenye lugha, Kiswahili kiwe juu. Ndege za Ghuba zinashuka Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar na Entebbe kila siku, na ndani yake kuna bibi anayekwenda kumwona mjukuu Muscat ambaye hajui neno la Kiingereza. Kama una Kiarabu cha madrasa au Kifaransa cha Bujumbura, kitaje, ila taja kiwango cha kweli. Watakujaribu palepale.

Picha hupewa uzito mkubwa, na fomu itakuambia ngapi na za namna gani. Ile ya mwili mzima simama mbele ya ukuta mweupe karibu na dirisha, mchana, simu ishikwe na mtu kwa usawa wa kifua chako. Suti nyeusi au ya bluu ya giza, blauzi au shati jeupe, sketi inayofika goti, viatu vilivyofungwa mbele. Nywele zichanwe na zifungwe nyuma kwa fundo moja. Wanaume ndevu zinyolewe, tai ifungwe vizuri. Tabasamu, meno yaonekane. Usitumie programu za kulainisha uso, maana watakapokuona ana kwa ana watashangaa, na mshangao wa namna hiyo haukusaidii.

Matapeli

Shirika la kweli halikutozi pesa ili likuajiri. Si ya fomu, si ya usaili, si ya "kuharakisha viza". Maombi hupitia ukurasa wa ajira wa shirika lenyewe. Ujumbe ukija kwa WhatsApp kutoka kwa wakala asiye na ofisi, au kwa barua pepe ya bure isiyo na jina la shirika mwishoni, ukikuambia umechaguliwa bila usaili na utume pesa kwa simu, usijibu. Mtu akisema yeye ni wakala, mwambie akupe namba ya leseni, kisha ihakikishe kwa ofisi ya serikali inayosimamia ajira nchini kwako; kwa Kenya ni NEA, Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Nina dada aliyeuza cherehani yake kwa jambo hili. Ofisi ile aliyopelekwa ilikuwa imefungwa aliporudi wiki iliyofuata.

Kiingereza kwa siku 30

Makosa ya sarufi madogo hayakuangushi. Kinachoangusha ni kuganda. Kila jioni soma kwa sauti ukurasa mmoja wa habari, jirekodi kwa simu, sikiliza. Sikiliza hasa R na L, na kasi yako. Sisi tukiogopa tunakimbia. Kisha eleza kwa dakika mbili kitu ulichokifanya mchana huo: namna ulivyopika maharage, ulivyobishana na kondakta, ulivyomsaidia mgeni. Tafuta rafiki mmoja mkubaliane kuongea Kiingereza mkiwa pamoja, bila kuchekana. Jaribio la maandishi mara nyingi lina kifungu cha kusoma, maswali ya kuchagua na maandishi mafupi, kwa hiyo andika pia barua fupi tatu kwa wiki, kwa kalamu, bila simu kukusahihishia.

Siku yenyewe

Usaili hufanyika mara nyingi hotelini. Nenda siku moja kabla ukaone mlango ulipo na bodaboda wanashushia wapi. Usiku piga pasi, fungasha CV, picha na pasipoti kwenye bahasha moja, na weka soksi za nailoni za akiba kwenye begi, kwa sababu zitachanika.

Fika dakika 45 kabla. Kuanzia getini, umeshaanza usaili. Yule mama uliyepanda naye lifti bila kumsalimia anaweza kuwa ndiye atakayekaa upande wa pili wa meza. Msalimie mlinzi, mshukuru aliyekuelekeza, zungumza na waombaji wenzako. Waulize wametoka wapi. Hawa si maadui zako, na utakapofika kwenye kazi ya kikundi utafurahi kuwa unajua majina yao.

Mpangilio hutofautiana, lakini kwa kawaida utakabidhi CV na kuulizwa swali moja au mawili mepesi, kama vile umefikaje leo. Jibu kama mtu, sentensi mbili tatu, ukimtazama machoni. Kuna maelezo kuhusu shirika. Sikiliza, kwa sababu ulichosikia hapo kinaweza kuulizwa baadaye. Kuna kipimo cha mkono, viatu vikiwa vimevuliwa. Kuna jaribio la Kiingereza. Na kila baada ya hatua, majina yanasomwa au bahasha zinagawiwa, na chumba kinapungua.

Kazi ya kikundi

Hapa ndipo nilipoangukia mara ya kwanza, na shirika silitaji kwa sababu kosa lilikuwa langu. Tulikuwa tisa, tumekaa duara. Tukapewa karatasi: hoteli imejaa, vimebaki vyumba vinne, na wageni saba wamefika usiku. Mama mwenye kichanga, maharusi, mzee wa kiti cha magurudumu, mfanyabiashara mwenye mkutano alfajiri, na wengine. Amueni nani apate chumba. Dakika kumi.

Mimi niliyetoka mapokezi ya hoteli nikaona hili ni langu. Nikachukua kalamu, nikaanza kupanga. Binti mmoja alifungua mdomo mara mbili nikamkata mara mbili, huku nikitabasamu. Jibu letu lilikuwa zuri sana. Jina langu halikusomwa, la yule binti lilisomwa.

Ilinichukua wiki kuelewa. Wasaili hawakuwa wakisikiliza jibu. Walikuwa wakitazama jinsi tunavyotendeana tukiwa na haraka, kwa sababu ndani ya ndege utafanya kazi na watu uliokutana nao saa hiyohiyo, na msipoelewana abiria ndio watakaoumia.

Mara ya pili, kwa swali kama lile, nilifanya mambo matatu tu. Mwanzoni nilisema, "Tuna dakika kumi, nani atatutazamia saa?" Katikati nikaona kijana mmoja upande wangu hajasema kitu, nikamwita kwa jina lake lililokuwa kifuani: "Baraka, hatujakusikia bado, wewe unaonaje?" Akatoa wazo zuri kuliko yote, kwamba maharusi wawili na mfanyabiashara tuwatafutie hoteli ya jirani kwa gharama zetu na gari la kuwapeleka. Nikasema, "Hilo la Baraka linatusaidia." Basi. Nilizungumza pengine dakika moja kwa jumla.

Usiwe mkimya kabisa pia. Asiyesema chochote hawana la kuandika juu yake. Sema jambo moja lenye maana, sikiliza anayeongea ukimtazama yeye na si wasaili, na usimdharau mtu kwa macho. Macho yanaonekana.

Usaili wa mwisho

Utaketi na msaili mmoja au wawili, au utajirekodi kwa video ukijibu maswali yanayotokea kwenye skrini. Maswali karibu yote huanza na "tupe mfano wa siku ambayo". Mteja aliyekasirika. Mwenzako aliyevunja utaratibu. Siku uliyokosea. Siku uliyofanya zaidi ya ulichotakiwa.

Andaa visa sita vya kweli kutoka maishani mwako. Kila kimoja kipange hivi: ilikuwa wapi, tatizo lilikuwa nini, wewe ulifanya nini, ikaishaje. Watu wengi hutumia dakika nzima kueleza tatizo na sekunde tano kueleza walichofanya. Geuza.

Nikupe mfano. Swali ni mteja mkali. Jibu dhaifu: "Mimi huwa mvumilivu sana na wateja, namsikiliza na kumtuliza." Hiyo si siku, ni sifa unayojipa mwenyewe. Jibu langu lilikuwa hili: Familia ilifika saa moja asubuhi baada ya kusafiri usiku kucha, chumba chao kingekuwa tayari saa nane mchana. Baba akapiga meza kwa kiganja. Nikaona mtoto mdogo amelala begani kwa mama yake. Sikuanza na kanuni za hoteli. Nikasema, "Mtoto kwanza," nikawafungulia chumba kidogo cha mapumziko cha wafanyakazi, baada ya kumwomba ruhusa msimamizi, nikaleta chai na mashuka. Kisha nikampigia mkuu wa usafi, tukapata chumba saa tano. Baba alipoondoka aliandika jina langu kwenye kitabu cha wageni.

Angalia yale maneno "baada ya kumwomba ruhusa msimamizi". Wasaili waliyaandika. Kazi hii inataka mtu mwenye huruma asiyevunja utaratibu. Ukieleza namna ulivyomfurahisha mteja kwa kukiuka sheria, umejiangusha.

Swali la kosa lako lijibu kwa kosa la kweli. "Kosa langu ni kufanya kazi kupita kiasi" wamelisikia mara elfu. Mimi niliwaambia niliwahi kumpa mgeni ufunguo wa chumba chenye mtu, nikaeleza nilivyoomba radhi na utaratibu niliouanzisha wa kusoma namba ya chumba mara mbili kabla ya kukabidhi.

Usikariri maneno. Kariri kisa. Ukikariri maneno, wakikukatiza kwa swali la pembeni utapotea njia.

Baada ya hapo

Jibu huja kwa simu au barua pepe, baada ya siku chache au wiki kadhaa. Likiwa hapana, halina maelezo, na shirika linaweza kukutaka ungoje miezi kadhaa kabla ya kuomba tena. Kaa siku hiyohiyo uandike maswali yote uliyoulizwa na mahali ulipokwama, kabla hujasahau.

Likiwa ndiyo, unaingia kwenye vipimo vya afya na viza. Viza za ukaazi za nchi za Ghuba hupima VVU na kifua kikuu, na majibu yanaweza kuzuia viza. Ni vyema uwe umejipima mwenyewe nyumbani, kwa siri yako, ili usije kujua hali yako kupitia barua ya kampuni. Angalia meno na macho pia, meno yazibwe mapema.

Soma mkataba pamoja na mtu anayeelewa. Tafuta muda wa majaribio, likizo, na unachodaiwa ukiacha kazi mapema. Kazini kwako usiage kwa maneno ya simu. Subiri mkataba uwe umesainiwa pande zote, vipimo vimepita, viza na tikiti vimetumwa. Ndipo umpelekee msimamizi wako barua ya kuacha kazi mkononi, na ukae naye mkubaliane siku yako ya mwisho.